Sema Kichwa Tu

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kikopo kidogo, hasira hunipanda. Mniwie radhi. Wengine harufu huwakumbusha bibi zao. Mimi hunirudisha kwenye sebule yetu ya Landover, huku Marekani, mchana, nikiwa na miaka kumi.

Mama alikuwa na siku sita tangu ajifungue. Nyumba ilijaa kina mama wa kanisani, masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na ushauri wa bure. Tangu asubuhi kichwa kilikuwa kinamwuma, na mikono imevimba hadi pete ikamkaba kidole.

"Niko naona nyota," alisema.

Mama mkubwa, dada yake, akampaka dawa ile, akamfunga kitenge kichwani hadi nyusi zikapanda, akatangaza kwamba ni uchovu wa uzazi.

Mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza cha nyumba nzima. Nilipompigia simu muuguzi wa hospitali, mama mkubwa alinishika bega.

"Sema kichwa tu! Ukisema anaona nyota, batasema ni wazimu, batakamata mutoto."

Kila mtu pale alikuwa na hadithi ya mtoto aliyechukuliwa na serikali. Nikasema kichwa tu. Muuguzi akauliza kama kuna jingine. Nikasema hapana. Basi anywe maji, apumzike, akasema, bila kujiuliza kwa nini anaongea na mtoto.

Wageni walikuwa bado wanakula mama alipokakamaa na kuanza kutetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba, walituambia hospitalini, humpata hata aliyekwisha kujifungua. Mzazi akiumwa kichwa huku anaona nyota na kuvimba, hangojewi hata saa moja.

Mama hakufa. Mkono wake wa kushoto ndio uliokufa, kwa kiharusi, na mdogo wangu hakubebwa naye tena kwa mikono miwili.

Mama mkubwa hushuhudia kanisani kwamba maombi yalimponya dada yake. Watu hupiga makofi. Mimi huuma meno. Nimemkasirikia yeye, na muuguzi yule, na mdomo wangu mwenyewe.

Mwaka jana nilimwuliza mama kama siku ile alinisikia nikisema hapana.

"Nilisikia," akasema. "Nikashukuru Mungu, mutoto wetu habatamukamata."

Kumbe alikuwa amechagua kati ya kichwa chake na mwanawe. Na katika sebule nzima ya watu wazima, hakuna aliyemwambia kwamba hakuwa na haja ya kuchagua.