Mama Mkwe Ndani ya Gari la Milango Miwili

Nikisema nilikosa mke kwa sababu ya gari langu mwenyewe mtacheka, na mcheke tu, nimeshazoea. Nililiendesha kutoka Mombasa hadi Awendo kwa siku mbili, jekundu, la michezo, milango miwili, limeundwa nikiwa bado darasa la nne, na kwenye milima ya kupita Narok lilinguruma vizuri hadi nikaimba (na mimi siimbi). Nilikuwa nimehama miji saba bila kujua ninatafuta nini, lakini nilipompata Akinyi, msichana wa Awendo, nilijiambia basi, hapa ninaoa.

Sasa kaka yake, Otieno, alikuwa na kigari kipya cheupe, injini ya lita moja, na kila jioni tulibishana.

"Shemeji, hilo lako likiona kituo cha mafuta linapiga magoti."

"Chako kikikanyagwa kinapiga chafya."

Jumamosi moja mama yao alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa Homa Bay. Gari la Otieno lilijaa akina mama wenzake na masufuria, ikabidi Mama angoje safari ya pili, nami mdomo ukanitoka: "Mama apande langu, atafika kabla ya masufuria." Akinyi akanikanyaga mguu. Kwa Wajaluo mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani, wanaheshimiana kwa mbali, na ndani ya gari lile umbali ungetoka wapi? Lakini Mama alikubali, akajikunja kiti cha nyuma, Akinyi mbele, mimi macho barabarani nisithubutu hata kutazama kioo.

Kutoka Rongo, kwa kuwa gari langu liko chini mno, kila tuta nililivuka kiupande upande kama kaa, Otieno akatupita akipiga honi kwa adabu, kisha barabara ikanyooka, nikakanyaga, nikampita kama upepo, moyo unaruka kwa raha.

"Akinyi," Mama akauliza huko nyuma, "huyu ananipeleka mkutanoni ama mbinguni?"

Tulifika wa kwanza. Akina mama walikuwa langoni wakiimba kuwapokea wageni. Nikashuka kifua mbele, Akinyi akashuka, nikavuta kishikio cha kukunja kiti chake ili Mama atoke, kikabaki mkononi mwangu. (Kiti cha upande wangu kilichomelewa zamani, hakikunjiki.) Njia ikabaki moja tu, mlango wa buti.

Otieno akafika, anazungusha funguo kwa kidole. "Shemeji, nipishe nimtoe mama yangu."

Hapo ndipo ningepisha. Lakini mwenye kile kigari aje kuliokoa gari langu, mbele ya watu? Nikasema gari hili nalijua mwenyewe, nikafungua buti, nikanyoosha mikono, Mama akatambaa juu ya mgongo wa kiti, akateleza kwenye tairi la spea, na kufumba na kufumbua nilikuwa nimemkumbatia kiunoni, miguu yake haigusi chini. Wimbo ukakatika.

Hakuniangalia. "Akinyi, mwambie mgeni wako aniweke chini."

Tangu siku hiyo akisikia injini yangu (na inasikika mbali) aliingia ndani na kufunga mlango. Wazee waliokuwa wanipokee kwa posa hawakuitwa. Mwishowe Akinyi aliniambia taratibu, "Mama hawezi kukuita mkwe. Na mimi siwezi kumwacha Mama."

Asubuhi niliyoondoka Awendo moja kwa moja, betri ilikuwa imekufa, na aliyekuja kunisukuma ni Otieno. Hakunitania hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Nimeapa: nikipata tena pa kuposa nitakwenda kwa miguu, na gari la shemeji, hata likiwa na ukubwa wa kiberiti, nitalisifu kwanza. Injini iliwaka. Sikusimama kumshukuru, niliogopa itazima.