Kimya Kwenye Simu ya Mkutano

Mwenye duka kule Mombasa aliniambia simu ile ya mkutano inamsikia mtu aliye mita sita. Nikamwambia vizuri, basi nenda mita sita. Akacheka, akidhani natania. Mimi kwenye manunuzi sitanii. Nilimpeleka hadi kule nyuma kwenye maboksi ya feni, nikatoka nje barabarani, nikaipigia ile simu ya mezani kwa simu yangu ya mkononi, nikamngoja anong'one.

"Unasema nini?" nikamuuliza.

"Nasema wewe ni mtu wa taabu."

Ilisikika safi kabisa. Nikarudi ndani, tukaanza kuzungumza bei.

Ofisi yetu iko Faza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Chama chetu kina boti ya wagonjwa, inayowatoa watu kisiwani kwetu na kuwapeleka hospitali ya Lamu. Fedha za mafuta hutoka makao makuu Mombasa, na maamuzi hutoka hukohuko. Wakubwa walipochoka kupanda boti kuja kukutana nasi, wakasema mikutano yote sasa iwe kwa simu. Mimi ndiye mnunuzi, nikatumwa nikatafute mitambo.

Simu ya mkutano haikunipa kazi. Kazi ilikuwa hedifoni. Kina mama wa kamati yetu hukaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na wao wangeingia mkutanoni kupitia kompyuta. Sasa hedifoni zote pale dukani zilitengenezwa kwa kichwa kitupu. Nikamwomba mke wa mwenye duka, aliyekuwa amejitanda ushungi wake, anijaribie. Ya kwanza ilimserereka hadi shingoni alipoinama. Ya pili ilimbana masikio hata akaniuliza kama nataka kumwanika kambani. Ya tatu ilikuwa ya sikio moja, na maiki yake ina mkono wa kusogeza. Ile ilikaa juu ya kitambaa bila kuteleza, na maiki ikafika mdomoni hata kwa mwenye kuvaa nikabu. Nikachukua nne. Mimi nikazihesabu, mwenye duka akazihesabu, kisha nikazihesabu tena, kwa kuwa wa mwisho kuzishika alikuwa yeye.

Mkutano wa kwanza ulikuwa na ajenda moja. Makao makuu walitaka boti iondoke Faza ikae Lamu, ihudumie visiwa vyote kutoka huko. Mtu akiugua Faza, Kizingitini au Mbwajumali, apige simu, boti ije imchukue. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye maji ni safari mbili mahali pa moja, na maji ya bahari yakiwa yametoka, yamekupwa, boti haipiti, inangoja.

Mwenye haja kubwa siku ile alikuwa Bi mmoja wa Mbwajumali, mjumbe wa kamati. Binti yake alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu, na ni boti hiyohiyo iliyomuwahisha. Nilipomwonyesha namna ya kuvaa hedifoni akaniuliza:

"Na huko Mombasa watanisikia?"

"Hata ukinong'ona, Bi."

"Sikuya kunong'ona mimi."

Upande wetu wa wanaume walikaa wazee, simu ya mkutano katikati ya meza. Mkurugenzi, kutoka makao makuu Mombasa, akaeleza mpango wake kwa adabu, kwa Kiswahili cha hotuba, hakuna neno lililotupotea. Alipomaliza akauliza: "Je, wazee wangu, kuna mwenye pingamizi?"

Wazee wakanyamaza.

Kwetu mzee hamkatalii mgeni usoni. Jambo likimchukiza hunyamaza, na wenzake hunyamaza naye, mpaka mwenye jambo alikunje mwenyewe, aombe radhi, iletwe kahawa. Nimeona posa zikirudishwa namna hiyo, na mashamba yakikosa kuuzwa, na hakuna aliyetamka hapana. Kimya cha siku ile kilikuwa kizito kupita vyote nilivyowahi kukaa navyo. Mzee wetu mkubwa aliweka mikono miwili juu ya bakora yake, akatazama dirishani. Wengine wakatazama alikotazama yeye. Mtu yeyote mwenye mato, kama tuyaitavyo macho, angeelewa na angeona haya.

Simu haina mato.

"Haya, naona tumekubaliana," ikasema kutoka pale mezani.

Nikaruka. "Bwana Mkurugenzi, wazee wamenyamaza!"

"Nimesikia, ndugu yangu, wamenyamaza. Nifikishie shukrani zangu."

Laini ikakatika.

Pazia likafunguka. Bi alikuwa bado amevaa hedifoni, waya umemfuata hadi mlangoni.

"Wamenijibuye?"

"Kina nani, Bi?"

"Hao wa Mombasa. Nimewambia boti haiondoki, mwanangu amesaliwa na mwezi mmoja. Nimewambia, nikawarudilia. Wamesemaye?"

Nikaingia chumba cha pili, nikatazama kioo cha kompyuta. Palikuwa na alama ndogo ya maiki iliyopigwa mstari. Mombasa walikuwa wamezifunga maiki zote za kompyuta ili kupunguza kelele, wakaiacha wazi ile simu ya mezani tu. Aliyekataa kwa maneno hakusikika. Waliokataa kwa kimya walisikika vizuri mno.

"Hawakukusikia, Bi," nikamwambia.

Nikapiga tena. Mkurugenzi alikuwa ameshatoka, akapokea katibu wake. Akasema kumbukumbu ameshaziandika: hakuna pingamizi. Nikambembeleza. Akasema haya, kama lipo, mzee mmoja ajitambulishe na alitamke, naye ataliandika. Nikamgeukia mzee mkubwa.

"Bwana, sema neno moja tu. Hatutaki."

"Mimi nimeshamjibu."

"Hakuelewa."

"Nikimnyamalia haelewi, nikimpigia kelele ndipo ataelewa? Mimi si mnadi wa samaki. Nti hini ina ndia zake." Yaani nchi hii ina njia zake.

Nimewahi kumshusha bei mtu aliyeapa kwa mamake kwamba hashuki. Mzee yule sikumsogeza hata unyoya. Nikamwambia kijukuu chake kitapanda boti hiyo siku moja. Akavaa kofia yake vizuri. Nikamwambia katibu yuko hewani na dakika zinaliwa; akaniambia zilipiwe.

Basi Bi akaivua hedifoni, akaiweka mezani, akaisogelea simu mwenyewe mbele ya wanaume wote, akasema aliyoyataka. Alisema kila kitu: binti, kisu, maji kutoka. Katibu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye si mzee, aandike barua.

Wiki ile ile boti ikaenda Lamu.

Mwezi ulipotimia, binti alishikwa na uchungu asubuhi, maji ya bahari yametoka. Lamu niliwapigia mimi, nao walipokea mara moja, siwezi kuwasingizia. Boti ilikuja ilipoweza kuja. Binti alifika hospitali yu hai, na yu hai hadi leo. Mtoto, mwanamume, walirudi naye amefungwa kitambaa cheupe, akazikwa kabla ya sala ya alasiri.

Nilikwenda Mbwajumali kutoa mkono wa pole. Wanaume tulikaa nje, wanawake ndani. Mzee mkubwa alikuwepo. Alikuwa amepanda pikipiki kutoka Faza, kwa umri ule, na kanzu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Bi aliposimama mlangoni kutushukuru kwa kuja, mzee akanyanyuka.

"Bi, Mola akupe subira, ampe na mwanao. Nawe ni shahidi wetu. Sisi tulikataa."

Bi akamtazama. Hakupandisha sauti.

"Mulimkatalia nani, Bwana?"

Mzee akafungua mdomo. Nimemjua tangu nilipokuwa mdogo, na ile ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitafuta neno la kusema na asilipate. Bi alimngoja. Alimngoja kwa adabu zote, mkono wake umeshika pazia, kisha akarudi ndani kwa binti yake.