Habari ya Mavyaa

Tuliondoka Blaine, mji wa baridi tulikohamia, theluji ya mwezi wa nne ingali barazani, mimi na mume wangu, tukaenda pwani ya kusini mwa Uhispania kuota jua. Siku moja, yeye akiogelea, simu ikalia. Alikuwa kaka yake wa Mombasa.

“Shemeji, Mama ametutoka. Tunazika leo Alasiri. Tafadhali usimwambie. Ata-drive vipi huko milimani? Mwache afike Blaine, watu watakuwa nyumbani wanamngoja.”

Ndivyo tulivyo sisi. Msafiri hapewi habari ya msiba njiani. Hufichwa mpaka avue viatu kwake, azungukwe na watu. Najua ni huruma. Lakini nilikasirika. Wao walikuwa nyumba nzima, wanalia pamoja, mimi wakanitwika peke yangu katikati ya wageni waliojipaka mafuta ya jua.

Mume wangu akatoka majini anacheka, akauliza nani alipiga. Nikasema ni mtu wa kazini.

Kesho yake tuliiacha pwani tukapanda bara. Mizeituni ilijaa mlima baada ya mlima, na vijiji vyeupe vilikuwa vimefunga madirisha mchana kutwa. Machozi yalinilenga, nikavaa miwani ya jua. Mavyaa aliniita mwanangu tangu siku nilipoingia nyumbani kwake, na mimi sikuwa hata nimemlilia. Mume wangu aliimba kwenye usukani.

Tukasimama kwenye duka la shamba moja. Akachukua chupa ya mafuta ya zeituni.

“Ya magoti ya Mama,” akasema. “Nimchukulie mbili?”

Nikamwambia pale pale, mwenye duka akitutazama.

Hakupiga kelele. Aliirudisha chupa mahali pake, akatoka, akaketi kizingitini.

“Ameshazikwa?”

“Jana.”

Nilikaa kando yake. Trekta la shamba lilipita, vumbi likatufunika, hakuna aliyejipangusa.

“Jana usiku tulikula samaki,” akasema. “Ulicheka na mimi. Ungeweza kweli kunificha mpaka Blaine?”

Nikaapa kwamba nisingeweza. Akanishika mkono, akaniamini. Hilo ndilo linaloniumiza, maana asubuhi ile, kabla hatujaondoka hotelini, nilikuwa nimekunywa kahawa yangu kwa utulivu na tayari nilikuwa nimeanza kuzoea kumficha.