Mjane Havuliwi Mara Mbili

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kidato cha tatu pale Temeke, nimesimama mbele ya wazazi na walimu nikiwa na kanga moja tu mwilini. Usishtuke. Ilikuwa tamthilia, na mie ndiye niliyekuwa mjane.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinijia hapa Chanika na simu iliyojaa majibu ya watu kuhusu hadithi mnayosoma shuleni: mvua inaashiria neema, giza linaashiria ujinga, mlango uliofungwa unaashiria dhuluma. Nilipokuuliza hadithi yenyewe ilikugusa wapi, ukanijibu, "Mama, hilo halitokagi kwenye mtihani." Nilicheka, lakini nilikasirika.

Kaa basi, na usinisikilize kwa sikio moja. Stashahada yangu ya sanaa za maonyesho ipo pale ukutani, na kila anayeingia humu nahakikisha ameiona. Niliipata Durban, mchana nafagia ukumbi wa maonyesho, jioni naketi darasani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, na nyumba hii sikuchangiwa hata tofali. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mie changu ni kizuri na nakitembeza vilevile.

Turudi Temeke. Tamthilia ile aliitunga mwalimu wetu wa fasihi. Tulimwita Mwalimu Dhamira, maana hata kengele ya mapumziko ikilia alikuwa tayari kutuuliza inaashiria nini. Alikuwa mwalimu mzuri, simnyimi haki yake. Mchezo ulihusu mwanamke aliyefiwa na mume. Mashemeji wanakuja, wanachukua kitanda, wanachukua masufuria, na mwisho shemeji mkubwa anamvua kanga ya mabegani na kuondoka nayo. Mjane anabaki na ile aliyojifunga, anasimama kimya mpaka pazia linafungwa. Mwalimu alikuwa ametukaririsha: kanga ni doti, vipande viwili, kwa hiyo kipande kimoja kilichobaki ni taifa lililopata uhuru nusu. Tuliandika hivyo, tukaamini hivyo, na siku ile nilisimama juu ya jukwaa la madawati nikijitahidi kweli kufanana na taifa.

Shemeji akanivua, akaenda zake. Mara akainuka Mama Sikudhani, mjane wa mtaani kwetu, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla yake. Siku hiyo alikuja kimya. Akapanda jukwaani na ndala zake, akavua kanga aliyojitanda juu ya gauni, akanifunika mabega, akaifunga fundo kifuani.

"Mama, shuka! Unaharibu mchezo!" Mwalimu alipiga kelele.

"Nashuka, baba. Ila mtu asimguse."

"Chukua kanga yako! Mjane anatakiwa abaki vile vile!"

"Ala! Shemeji kamvua, na mwalimu naye amvue? Mjane havuliwi mara mbili!"

Vigelegele vikapigwa. Mwanamke mwingine akadakia kutoka nyuma, "Mwambie, shoga! Na masufuria yarudi!" Watu wakavunjika mbavu, pazia likafungwa kabla ya wakati wake, na mie nikabaki nimeishika ile kanga kwa mikono miwili.

Jumatatu Mwalimu aliniita. Hakunigombeza. "Binti, una kipaji," akasema, "lakini ungeivua ile kanga. Ishara imekufia mikononi." Kisha akanipa sharti. Ijumaa, mbele ya shule nzima, niseme kwamba yule mama aliharibu mchezo kwa kutoelewa, na kwamba nilikosea kumwachia. Nikisema, nitakwenda mashindano ya wilaya kama mjane. Nisiposema, nafasi anapewa mwenzangu.

Mwanangu, nafasi ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo duniani. Nyumbani tulikuwa wengi, na jina langu liliitwa pale tu ndoo ilipokuwa tupu. Jukwaani watu walikaa kimya kunisubiri mie. Nikaamua nitasema.

Alhamisi nikaifua kanga, nikaipiga pasi, nikaenda kuirudisha. Habari za sharti la Mwalimu zilikuwa zimeshazagaa mtaani. Nilimkuta Mama Sikudhani anageuza samaki kwenye karai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mjane wangu. Mashemeji hawajarudi?"

Nikamnyooshea kanga. "Asante, Mama. Najua ulidhani ni kweli. Si kosa lako."

Akaweka mwiko chini.

"Nilidhani ni kweli? We mtoto! Kwani sikujui? Si binti wa Mwanahawa wewe, mnaonunua kwangu vibua? Na yule shemeji wako si kijana wa fundi viatu, kapakwa masizi yawe masharubu? Unaniona mie punguani?"

Nikainama.

"Sikiliza. Siku waliyokuja kunivua mie, kitanda kikatoka, kabati likatoka, mtaa mzima ulisimama ukatazama kama mchezo. Sasa mchezo wenyewe umekuja, na watu wale wale wamekaa wanatazama. Nikasema, huu siutazami nimekaa."

Nikaendelea kumnyooshea ile kanga. Akaisukuma kwa kiwiko.

"Kwani nilikuazima? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Hiyo nimekupa. Na kesho usinisemee. Mwalimu wako anajua alichoandika, mie najua nilichokiona. Wewe je, umeona nini?"

Swali hilo lilinichapa kuliko fimbo. Nilikuwa nimeucheza ule mchezo tangu mazoezi ya kwanza, nami sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimevaa maana ya kuazima. Niliwaza taifa, wakati mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke aliyevuliwa kweli. Tena Mwalimu alisema ishara imekufa. Imekufaje, nayo ndiyo iliyomwinua mtu kwenye benchi?

Ijumaa, shule nzima ikiwa mstarini, nilipanda ngazi za ofisi ya walimu, kanga mabegani juu ya sare. Nikasema kwa sauti niliyofundishwa na Mwalimu mwenyewe:

"Mama Sikudhani hakuharibu mchezo. Aliuelewa kuliko sisi tuliouigiza. Kanga nilipewa nikaipokea, na nikipewa tena nitaipokea."

"Basi umejitoa mwenyewe," akasema Mwalimu.

"Sijajitoa, Mwalimu. Nimetolewa."

Mashindano akaenda mwenzangu. Alivuliwa, akasimama mpaka pazia, watu wakapiga makofi ya adabu wakaenda kula. Nasikia walishika nafasi nzuri. Mie nililia, usidhani nilikuwa chuma, lakini kulia si kujuta. Kanga ile ilivuka mipaka nami mpaka Durban, na ndiyo niliyojitanda siku ya kupokea stashahada, juu ya joho lao. Waliniomba niivue kwa ajili ya picha. Tazama picha pale ukutani, uone kama niliivua.

Wanafunzi ninaowafundisha hapa huniuliza kanga ile imeandikwa nini. Siwaambii. Nikiwaambia watakariri maandishi, wamsahau aliyeivaa.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikukatazi kusoma majibu ya watu; hata Mwalimu Dhamira huenda alikuwa na taifa lake kweli mle ndani, maana aliyeandika ni yeye. Lakini usianzie huko. Ukikutana na mvua katika hadithi, kwanza ikunyeshee: inamlowesha nani, nani ana paa, nani anachungulia dirishani. Ukikutana na nguo, uliza nani kavaa, nani kavua, nani katazama tu. Maana itakuja kwa miguu yake. Wala usidhani kila unachoota ni maana. Rudi kwenye maandishi, uweke kidole pale uliposoma, uthibitishe. Ukishathibitisha, simama, hata wakikunyima alama. Mie nilinyimwa nafasi, na leo wanaotafuta alama wananifuata Chanika.

Na kazi iliyoandikwa vizuri haikuulizi tu inaashiria nini. Inakuuliza unakaa au unainuka.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yako mwenyewe, na ulimi wa kuyatetea. Akupe miguu ya kuinuka pale wengine walipokaa. Na siku ukibaki na kipande kimoja mwilini, asikose mtu wa kukupandia jukwaani na ndala zake.