Ghafu Katikati ya Lavenda

Niliacha shule mapema, lakini udadisi sikuuacha. Nilibeba mizigo mtaa wa Naif, Dubai, nikaosha magari, na kila nilipochoka nilihama. Katikati ya miaka ya 2010 nilikuwa natunza bustani ya madam mmoja, mji huo huo. Alikuwa ametoka kutembea pwani za Mediteranea, akataka mimea ya kule: mizeituni, rosemari, lavenda. Ilishushwa kutoka kwenye lori lenye friji, imefungwafungwa kama wagonjwa. Kiangazi kikija mingi inakauka, tunaletewa mingine.

Upande mmoja bomba liliziba na lavenda zote zikafa. Hapo ndipo ukachipua mche ambao hakuna aliyeupanda, wenye majani madogo madogo na miba. Nikaujua. Nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi, jangwani, ilikuwepo mikubwa yake, imesimama bila bomba wala mtunzaji. Ghafu, mti wa hapa hapa. Nikaupalilia pembeni, nikauacha.

Mlinzi wa getini, Mkenya wa Baringo, alikuja akashika kiuno.

"Wee Mbongo, unalea mathenge! Hiyo miti ya kuletwa ilimaliza malisho kwetu. Mbuzi za babangu ziling'oka meno juu ya maganda yake. Ng'oa, bro."

"Mathenge ina miba miwili miwili kila linapotokea jani. Ya hii imetawanyika tu. Inama utazame."

"Mtu alifukuzwa shule ndio anifundishe miba?"

"Sikufukuzwa. Niliondoka."

Alicheka, lakini hakuinama.

Msimamizi wetu hakuuliza hata jina la mti. Madam alikuwa na wageni Ijumaa, na kisichokuwa kwenye mchoro wa bustani kitoke. "Yalla, ng'oa. Khalas."

Nikasema hapana. Magugu nilikuwa nimeng'oa bila kubisha tangu nifike, na lavenda zilizokufa nilizitoa mimi kwa mikono yangu. Mti huu haukuwa umeomba hata kikombe cha maji. Yeye akarudia, mimi nikarudia.

"Kama lazima kitu kitoke," nikamwambia, "nitoe mimi."

Akanitoa. Kabla sijafunga begi alichukua mkasi wa bustani akaukata mche usawa wa udongo, huku ananitazama. Nami nikamtazama. Sikujuta siku ile, na leo sijuti.

Nikapata kazi ya ghalani Jebel Ali. Kiangazi kilichofuata kilipoisha, mlinzi akanitumia picha. Pale pale, kwenye kisiki, yalikuwa yametoka machipukizi matatu, yamezipita kimo lavenda mpya zilizonyauka kando yake. Nikampigia.

"Umeona?" akasema. "Nilikuambia ni mathenge. Hii kitu haifi."

"Ni ghafu. Na msimamizi akiiona?"

"Ataionea wapi? Nimemwambia hapo kuna nyoka."