Turubai Sita Juu ya Barua za Ndugu Yangu

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Kila kitu kilichojitokeza kwenye kompyuta kikaniuliza kama nakubali, nilikubali. Hali ya hewa, nikakubali. Kamusi ya bure, nikakubali. Hata kile cha kubandika vikatuni mwishoni mwa barua nilikikubali, mwanamke mzima niliyestaafu ualimu wa Kiswahili. Kila kimoja kilileta mstari wake wa vitufe juu ya programu ya barua pepe. Mistari ilipofika sita, barua zenyewe zilibakiziwa upenyo wa kuonyesha mbili tu kwa wakati mmoja. Pale shuleni mistari hiyo tuliiita turubai, maana jina lake la Kizungu, toolbar, linakaribiana na hilo, na kazi yake ni kufunika.

Nilivumilia, kwa kuwa siku hizi nasoma barua kwenye simu. Laptop niliiachia barua za zamani, zikiwemo alizoniandikia ndugu yangu alipokuwa akiishi na mama kule Butali.

Halafu mama akalazwa na kidonda cha mguu, homa imempanda mpaka anaongea asiyoyajua. Daktari akaniuliza kama kuna dawa inayomkataa. Nikasema ipo. Akauliza ni ipi. Nikasema jina silijui. Miaka ya nyuma sindano fulani ilimvimbisha mama uso nusura tumpoteze, lakini aliyekuwa naye ni ndugu yangu, si mimi. Kitabu cha mama cha hospitali kililiwa na mchwa. Ndugu yangu mwenyewe tulimzika mwaka jana. Ila nilikumbuka kwamba aliniandikia.

“Basi niletee jina,” daktari akasema. “Lakini saa tisa lazima tumdunge kitu. Kidonda hakingoji.”

Nilifika nyumbani saa sita. Nikafungua laptop, nikaandika jina la ndugu yangu kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikaletewa matangazo ya magodoro. Ala! Kumbe kisanduku kile kilikuwa cha turubai, na cha programu yenyewe kilikuwa kimefunikwa huko chini. Nikampigia mwenzangu wa Mumias, aliyekuwa akifundisha kompyuta shuleni kwetu.

“Asalaam aleikum, mwalimu. Habari za siku nyingi? Watu wa nyumbani?”

“Mama yuko hospitali na turubai zimenifunikia barua. Nisaidie haraka, haki ya Mungu.”

“Lo, pole sana. Fungua mipangilio. Umeona palipoandikwa viongezo? Toa tiki zote. Sasa funga programu, uifungue tena.”

Nikafunga, nikafungua. Turubai zote sita zilikuwa pale pale.

“Basi hapo umefyeka majani tu, mwalimu, mizizi ingalipo. Nenda kwenye orodha ya programu za kompyuta nzima, uzing'oe huko moja moja.”

Nikaenda. Kila moja iliniuliza kama nina hakika. Moja ikasema inasikitika kuniona naondoka, na ingependa kujua sababu. Sababu! Nyingine iliweka kitufe kikubwa cha kijani, nikakibonyeza kwa haraka yangu, kumbe kinairudisha upya. Nilipiga meza kwa kiganja, nikatukana tusi ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Ilipong'oka ya sita ilikuwa saa nane kasorobo.

Programu ikafunguka nyeupe, barua zikajaa kioo kizima. Nikaandika jina lake kwenye barua nilizopokea, zikaja tele, maana aliniandikia kila kitu: miwa, ndama, ugomvi wa kwaya. Nisingezimaliza kwa siku nzima. Nikaongeza neno hospitali ili zipungue. Hakuna. Daktari. Hakuna. Nikadhani nimeing'oa barua pamoja na turubai. Nikalia pale mezani, sitaficha.

Ndipo akili ikanijia. Kwetu l na r hubadilishana mahali mdomoni, na ndugu yangu alizibadilisha hata kwenye maandishi. Mimi, mwalimu, kila barua yake nilimrudishia imesahihishwa kwa rangi nyekundu. Nilidhani namtania. Nikaandika hospitari. Ikaja moja.

“Dada, mama anaendelea vizuli, tumetoka hospitari jana. Sindano moja ilimvimbisha uso mpaka macho yakafunga. Daktali amesema asidungwe tena hiyo maisha yake yote. Jina rake ni lefu, na nikikosea utanirudishia na wino mwekundu. Basi nitakwambia tukionana.”

Na tulionana. Tulionana Krismasi, tukaonana kwenye mahari ya binti yake, tukakaa pamoja siku nzima tukicheka. Yeye alisahau kunitajia, na mimi sikuuliza. Kwenye barua nilizotuma nikakuta jibu langu la siku ile ile: vizuri, hospitali, daktari, lake, refu. Maneno matano mekundu. Kuhusu mama sikuwa nimeandika hata salamu.

Nikapanda boda mpaka hospitali. Nikamwambia daktari jina sina. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Akasema ataanza na dawa nyingine, kidogo kidogo, nikae nimwangalie mama usoni, na nikiona hata kope imevimba nipige kelele.

Muuguzi akamdunga. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikimkodolea mama macho, sithubutu hata kupepesa. Yeye, katika homa yake, alikuwa amesahau kwamba mwanawe tulishamzika.

“Ndugu yako ameandika?” akaniuliza.

“Ameandika, mama.”

“Ameandika vizuri?”

Nikamwambia ameandika vizuri sana, hakukosea hata herufi moja.