Upondo Uliopitishwa Motoni

Nilianza kuruka kwa upondo nikiwa na miaka kumi na mitano, na upondo wenyewe ulikuwa mti wa baba wa kusukumia mtumbwi. Baba ni mvuvi. Tulivuka kutoka Congo nikiwa mdogo, na hapa Nchelenge, upande wa Zambia, alianza upya kwa mtumbwi wa kukodi. Mti wake ulikuwa mgumu, na mti usiopinda haukurushi popote, unakutingisha mabega halafu unakubwaga. Shuleni tuliruka kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, tukaangukia nyavu kuukuu zilizojazwa nyasi. Wavulana walinicheka. Mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo niliendelea.

Baadaye baba alinitafutia mwanzi. Huo ulipinda vizuri, ila ncha yake ilipasuka kila wiki kwa kupigwa kwenye kishimo cha kurukia. Ndipo akaufanyia kile ambacho wavuvi wa huku wanaufanyia kila mti mpya kabla haujaingia majini: aliishika ncha juu ya makaa, akiigeuza polepole, mpaka ikakauka na kukomaa. Mwanzi ukadumu. Nilimsifia mbele ya wenzangu, naye akajifanya hasikii.

Mwalimu wetu wa michezo, mtu mpole wa kabila la Wabemba asiyependa maneno mengi, ndiye aliyesema kwamba kwa mwanzi sitafika mbali. Alipiga simu Lusaka kwa miezi, mpaka klabu moja ikatoa upondo wa kweli, wa nyuzi za kioo, uliotumika lakini mzima. Ulikuja Jumanne, umefungwa juu ya lori linalofuata samaki wakavu Mununga. Jumatano ulinirusha juu ya kamba iliyofungwa kimo ambacho sikuwahi hata kukigusa. Nililala kwenye zile nyavu nikicheka peke yangu.

Jumamosi tulikuwa twende Mansa kwenye mchujo wa mkoa. Anayefuzu pale anaitwa Lusaka, na mtoto wa wakimbizi haitwi mahali kila siku. Sijawahi kutaka kitu vile.

Shuleni hapakuwa na chumba cha kuutosha upondo, nikaulaza nyumbani kando ya ukuta. Alhamisi niliporudi kutoka darasani haukuwepo. Nilimkuta baba ufukweni, kati ya wanaume waliokuwa wakishona nyavu, upondo umelazwa magotini mwake. Pembeni aliweka kifuniko cha mpira alichokivua nchani, amekiosha vizuri. Hewa ilinuka plastiki iliyoungua.

"Nilikutengenezea muti wako," alisema. "Muti mupya banapitishaka mu moto, njo vile tunafanyaka. Lakini ilianza kunuka mubaya, mi nikaitoa mbio."

Ncha ilikuwa nyeusi, imefanya malengelenge, na nyuzi zilianza kuachana. Mwalimu aliitwa, akaja, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Alimtazama baba kwa heshima, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ba Tata, hii hapana ruka tena. Itavunjika hewani, itachoma mtoto."

Baba aliuliza kama angeweza kukata kile kipande kibovu. Mwalimu akatikisa kichwa, akaeleza kwamba moto umepanda ndani kuliko jicho linavyoona, na kwamba upondo mwingine hautapatikana kabla ya Jumamosi.

Hapo ndipo maneno yalinitoka. "Weye unajua tu samaki," nilimwambia baba mbele ya wanaume wote wale. "Afazali ungebakia kule Congo."

Hakuna aliyenikemea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wote walijua kwamba alinibeba mgongoni siku tatu tukiikimbia Congo, mpaka ziwani tulipovukia. Baba alikiokota kile kifuniko, akanipa mkononi, akaingia mtumbwini.

Sikwenda Mansa. Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa, na kuruka kwangu kukaishia hapo. Kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa ndiye niliyedhulumiwa. Nilijua alifanya kwa upendo, na bado nilikaa na kinyongo changu. Niliona haya kuomba msamaha, kisha nikaona nimechelewa, na yeye hakuwahi kunidai. Ila tangu siku ile hakugusa kitu changu bila kuuliza. Viatu vyangu vikinyeshewa nje, alisimama mlangoni kwanza: "Nibiingize?" Nilijibu ndiyo nikiwa nimegeuka upande mwingine.

Mwaka huu nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, nikampeleka nyumbani akiwa na wiki mbili. Mama alimchukua, shangazi akamchukua, majirani wakapokezana. Baba alikaa kwenye kigoda chake, mikono ameibana katikati ya magoti. Mtoto aliporudi kwangu, baba alisogea karibu, akanitazama usoni.

"Mi naweza mushika?" aliuliza.